Masanduku ya huduma ya kwanza Arusha na Moshi: yanafaa kiasi gani dhidi ya pepopunda?

Boksi jeupe la plastiki au la bati, lenye msalaba mlangoni, limetundikwa ukutani kwenye gereji za Unga Limited, kwenye karakana za useremala, kwenye ofisi za mashamba ya maua Usa River na kwenye mabweni ya shule za Moshi. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akifika ndilo huliulizia, kwa hiyo wengi hulinunua ili lionekane lipo. Hapa tumelipima kwa swali moja tu: mtu akikanyaga msumari uliolala topeni, au akijikata kwa jembe lililotoka kwenye samadi, vilivyomo ndani ya boksi hilo vitamsaidia asipate pepopunda? Maoni yetu ni kwamba mengi yamepangwa kwa ajili ya kuzuia damu na kukipaka kidonda rangi. Kazi ya kutoa uchafu ndani ya jeraha, ambayo ndiyo kubwa, umeachiwa mwenyewe.

Kwanza tujue tunapambana na nini. Pepopunda huletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani, anayeishi udongoni na kwenye matumbo ya ng'ombe, farasi, kondoo na wanyama wengine. Akibanwa na mazingira hujifungia ndani ya spora, mbegu ngumu inayoweza kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Kihamba cha Kilimanjaro, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, chenye ng'ombe wa ndani na samadi inayorudishwa kwenye migomba kila msimu ni makazi yake hasa, na zizi la Monduli au Ngaramtoni vilevile. Spora ikitua juu ya ngozi haina la kufanya. Ikisukumwa mahali pasipofika hewa, kama kwenye tundu la msumari, nyama iliyopondeka au kidonda kilichobaki na kibanzi ndani, huchipua, na bakteria huanza kutoa sumu. Sumu hiyo hupanda kupitia mishipa ya fahamu hadi uti wa mgongo na kuzima amri zinazoiambia misuli ilegee. Misuli inabaki na amri moja tu, ya kukaza.

Kwa hiyo kutu inasingiziwa. Msumari mpya kabisa uliodondoka bandani mwa ng'ombe ni hatari kuliko wa kutu uliokaa kabatini. Kutu ni dalili tu kwamba chuma kimekaa nje, kwenye unyevu na udongo. Tunalisema mapema kwa sababu yapo maduka ambayo muuzaji huuliza "msumari ulikuwa na kutu?" na akijibiwa hapana, humwambia mteja aende na plasta.

Madukani utakutana na aina tatu za masanduku. La kwanza ni hilo la ukutani, linalouzwa na maduka ya vifaa vya usalama kazini pamoja na helmeti na viakisi mwanga. La pili ni mkoba mwekundu wa zipu, maarufu kwa magari ya watalii na wapagazi wa mlimani. La tatu halina jina: ni lile unalojikusanyia mwenyewe famasi, kitu kimoja kimoja, ukalitia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko au kwenye kopo la plastiki la chakula. Tuseme mapema kwamba hili la tatu ndilo tunalolipendekeza. Kwenye mawili ya kwanza sehemu kubwa ya fedha yako imelipia boksi lenyewe, pini na mkasi usiokata hata bendeji.

Tuvipitie vilivyomo.

Chupa ya spiriti haikosekani. Ni nzuri kwa mikono ya anayehudumia na kwa kufuta kibano, lakini haifai kumiminwa ndani ya jeraha. Spiriti ya asilimia 70 huua bakteria wengi waliochipua, ila haiui spora, na wakati huohuo huunguza nyama hai ya pembeni. Nyama iliyokufa haina damu, na pasipo na damu hakuna oksijeni, nayo spora hutafuta mahali pa namna hiyo. Mgonjwa anapiga kelele, watu wanasema "inafanya kazi", kumbe unaitandikia spora kitanda.

Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ina sifa kubwa mitaani kwa ajili ya povu lake. Hoja inayotolewa ni kwamba bakteria huyu hachipui penye oksijeni, na peroksaidi hutoa oksijeni. Kwenye karatasi hoja inavutia. Kwenye jeraha, povu huisha kwa dakika chache, halifiki kwenye kina cha tundu, na dawa yenyewe huumiza chembe zinazoponya. Zaidi ya hapo, kuisukuma kwa sirinji ndani ya tundu jembamba ni hatari, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea inaweza kuingia kwenye mishipa ya damu. Ukiikuta ndani ya sanduku, itumie kutoa doa la damu kwenye shati.

GV, dawa ile ya zambarau, tunaipa alama ya chini kwa sababu nyingine kabisa. Haina uwezo dhidi ya spora, lakini ubaya wake mkubwa ni kwamba inaficha. Ngozi ikishapakwa, huoni wekundu unaopanda, huoni ukingo wa nyama iliyokufa, na nesi atakayekipokea kidonda kesho atafanya kazi gizani. Unga wa kapsuli za antibayotiki zilizopasuliwa, ambao fundi wengi huuweka pembeni ya sanduku kama nyongeza yao, una kasoro hiyohiyo na nyingine juu yake: hugandamana na majimaji ya kidonda ukafanya gaga, na chini ya gaga hewa haifiki.

Ayodini ya povidoni ya asilimia 10 ndiyo dawa pekee ya kupaka tunayoitetea, na hata yenyewe kwa mipaka. Ipakwe kwenye ngozi inayozunguka jeraha, baada ya kuosha, iachwe ikauke yenyewe. Juu ya spora nguvu yake ni ndogo, usiitegemee. Asiyepatana na ayodini asipakwe. Halafu angalia chupa: iliyokaa miezi juu ya dashibodi ya gari, kwenye jua la njia ya Namanga, haiaminiki hata kama tarehe yake haijafika.

Pamba itoe. Nyuzi zake hubaki kidondoni na kugeuka uchafu mpya. Gozi zilizofungwa moja moja ndizo za kutumia, na masanduku mengi huja nazo chache mno. Bendeji za kukunja ziko nyingi kupita mahitaji, kwa sababu ni rahisi na zinajaza boksi. Plasta zinafaa kwa mikwaruzo iliyooshwa, lakini zisiwekwe kamwe juu ya tundu la msumari au la mwiba wa mgunga: plasta isiyopitisha hewa juu ya shimo refu inamaliza kazi ambayo msumari uliianza.

Sasa vinavyokosekana, na hapa ndipo tunapoyakosoa zaidi masanduku ya dukani. Hakuna sabuni. Hakuna maji wala chombo cha kuyarushia. Kibano kipo mara chache, na kikiwepo ncha zake hazikutani. Tochi hakuna. Glavu ni jozi moja, kana kwamba ajali hutokea mara moja.

Chupa ndogo ya maji ya chumvi ya mililita 100, ambayo baadhi ya mikoba myekundu huja nayo, ni kidogo mno. Kipimo kinachotumiwa na wanaohudumia majeraha ni mililita 50 hadi 100 kwa kila sentimita ya urefu wa jeraha. Mkato wa sentimita 5 kwenye kiganja cha mkono unadai hadi nusu lita. Kwa hiyo kwenye kopo lako tia sirinji ya mililita 20 ikiwa kwenye pakiti yake, kipande cha sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, na chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi ya dripu au chupa mbili za maji ya kunywa ambazo hazijafunguliwa. Maji ya kuoshea jeraha hayahitaji kuwa ya hospitali. Yakifaa kunywa yanafaa kuoshea. Floraidi iliyomo kwenye maji ya sehemu nyingi za Arusha, inayotia meno rangi ya kahawia, haina madhara kwa kidonda. Lakini maji ya mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia, yanayoshuka toka juu yakipita kwenye vihamba na mazizi hayafai, hata yakionekana meupe namna gani. Kama hayo ndiyo pekee yaliyopo, yachemshwe yapoe kwanza.

Kuchemsha kuna mpaka wake, na watu wengi huukosea. Maji yanayochemka hupunguza sana vijidudu vya kawaida, lakini spora ya pepopunda huvumilia. Mji wa Arusha uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Vyombo vya upasuaji husafishwa kwa mvuke wenye shinikizo wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kwa hiyo wembe uliotumika, au kisu cha kutahiria kilichochemshwa kwenye sufuria, hakijawa salama. Wembe mpya uliofungwa ni rahisi kuliko sufuria ya maji na kuni zake.

Matumizi yenyewe yakiwa sahihi hayachukui nusu saa. Damu ikitoka, gandamiza kwa gozi safi dakika kumi bila kuchungulia. Usifunge mkono kwa kamba. Ikishatulia, nawa, vaa glavu, osha ngozi ya pembeni kwa sabuni, kisha vuta maji kwenye sirinji bila sindano mbele yake, ishike sentimita chache kutoka kwenye jeraha na urushe kwa nguvu ya dole gumba. Rudia mpaka maji yatoke bila chembe. Udongo unaouona utoe kwa kibano. Usichimbe usichokiona. Kitu kikubwa kilichozama, kama nondo au kipande cha mti, usikivute; kizungushie gozi kisitikisike, mpeleke mtu hospitali kikiwa hapohapo.

Msumari uliotoka wenyewe ukague. Ncha ipo? Soksi au soli ya kiatu ina tundu lililopoteza kipande? Kipande cha soli ya sponji kubaki ndani ya unyayo ni chanzo cha kawaida cha vidonda visivyopona, na picha ya eksirei huonyesha chuma vizuri ila mara nyingi haionyeshi mti wala plastiki. Mweleze daktari kiatu kilikuwa cha aina gani. Ikiwezekana nenda nacho.

Jeraha chafu lisikimbiliwe kushonwa. Mtoa huduma anayelifunga jeraha la samadi saa hiyohiyo kwa nyuzi ili lipendeze amefungia udongo ndani pasipo na hewa. Utaratibu unaoeleweka ni kusafisha, kukata nyama iliyokufa, kuliacha wazi chini ya gozi, kisha kulishona baada ya siku 3 hadi 5 kama limetulia. Ukiambiwa urudi kushonwa baadaye, hujapuuzwa. Umepata huduma nzuri.

Tukija kwenye sindano, huduma ambayo hakuna boksi linaloweza kuibeba, watu wa Moshi na Arusha husema "sindano ya pepopunda" kana kwamba iko moja. Ziko mbili na kazi zake hazifanani. Ya kwanza ni chanjo, inayoufundisha mwili kujitengenezea kinga. Siku hizi mara nyingi huwa Td, ambayo ndani yake kuna kinga ya dondakoo pia, ingawa wengi bado huiita TT. Ya pili ni kinga iliyo tayari, inayotokana na damu ya watu waliochanjwa, kwa kawaida yuniti 250 ndani ya msuli kwa aliyejeruhiwa. Hiyo huanza kazi mara moja na kudumu wiki chache tu. Pengine hutumika ile inayotokana na farasi, ambayo hudai kupimwa kwanza kama mwili utaikataa. Chanjo hupatikana kwa urahisi, lakini hii ya pili ni ghali na si kila kituo kinayo. Kabla hujainua mkono wa shati uliza: ni ipi hii? Anayestahili zote mbili huchomwa kwa sirinji mbili tofauti, sehemu mbili tofauti za mwili.

Nani anastahili nini? Hesabu ni ya dozi ulizowahi kupata na miaka tangu ya mwisho. Aliyepata dozi tatu au zaidi, mwenye jeraha dogo na safi, huongezewa chanjo kama ya mwisho imepita miaka 10. Likiwa jeraha chafu, la tundu, la kupondeka, la kuungua au la kung'atwa, mpaka unashuka hadi miaka 5. Asiyefikisha dozi tatu, au asiyejua, huanza chanjo siku hiyohiyo, na kama jeraha ni chafu huhitaji pia ile kinga iliyo tayari, kwa sababu chanjo ya kwanza peke yake haikimbii kasi ya kutosha. Antibayotiki alizopewa hazichukui nafasi ya yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa watu wazima kundi linaloachwa nyuma ni wanaume. Mwanamke hukutana na chanjo hii kliniki ya wajawazito, tena zaidi ya mara moja: dozi ya kwanza anapohudhuria, ya pili wiki 4 baadaye, ya tatu miezi 6 baada ya hapo, ya nne baada ya mwaka na ya tano baada ya mwaka mwingine. Mbili humlinda kama miaka 3, tatu miaka 5, nne miaka 10, tano miaka yote ya uzazi. Mwanamume alichanjwa alipokuwa na wiki 6, 10 na 14, kama alipelekwa, halafu basi. Kinga hiyo imeshapungua alipofika umri wa kushika panga, grenda na pikipiki. Mwenye gereji akitaka sanduku lake liwe na maana awapeleke vijana wake wapate ratiba ya watu wazima kabla hawajaumia: dozi mbili zikiachana wiki 4, kisha tatu za kuongezea kwa mpangilio uleule wa miezi 6, mwaka, mwaka.

Mahali pa kuchomwa nako kuna ubora na uduni. Duka la dawa muhimu ni la kuuza dawa. Sindano ichomwe zahanati, kituo cha afya au hospitali, penye jokofu la chanjo na watu waliofunzwa. Chanjo hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na haitakiwi kuganda. Iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka. Ikitikiswa inapaswa kuwa na weupe hafifu uliosambaa sawa. Ikionyesha mapande yanayotuama upesi, ikatae. Kwenye chupa nyingi kuna alama ya duara lenye mraba katikati. Mraba uwe na rangi nyepesi kuliko duara. Ukifanana nalo au ukiwa mweusi zaidi, chupa hiyo ilipata joto kupita kiasi. Ya watu wengi iliyokwisha kufunguliwa iwe imeandikwa tarehe ya kufunguliwa, na mwisho wake ni siku 28 ikiwa imetunzwa vyema. Dozi ni nusu mililita, kwenye msuli wa bega. Bega kuuma siku mbili tatu na homa ndogo ni kawaida. Wajawazito na watoto hawalipi kwenye vituo vya umma. Kwingineko uliza bei kabla.

Alama ya mwisho ya huduma tunaitoa kwa kuangalia karatasi unayopewa. Kituo kinachokuchoma bila kukuandikia tarehe na jina la sindano kimekupa nusu ya huduma, kwa sababu miaka saba baadaye utakapokanyaga kitu kingine utahesabiwa kuwa hujui, na utalipia upya ile kinga ya ghali. Ndiyo maana kwenye kopo letu la tatu kitu cha juu kabisa, kabla ya gozi, ni karatasi ndani ya mfuko wa plastiki yenye majina ya watu wa karakana au wa nyumba na tarehe za chanjo zao. Hakuna sanduku la dukani lenye karatasi hiyo.

Upande wa pili wa karatasi uandikwe dalili, kwa sababu ugonjwa huja wakati kidonda kimeshasahauliwa. Muda kati ya kuumia na dalili ni siku 3 hadi 21, mara nyingi karibu wiki moja na nusu, na ukiwa mfupi ugonjwa huwa mkali zaidi. Huanza kwa taya: mtu anashindwa kufungua kinywa vizuri, chakula kinamshinda kutafuna, anadhani ni jino. Shingo inafuata, kumeza kunakuwa kugumu, tumbo linakuwa gumu kama ubao, uso unajikunja kana kwamba anacheka kwa lazima. Kisha mishtuko ya misuli inayoamshwa na kelele, mwanga au kuguswa, mgongo ukijipinda kama upinde, jasho likimtiririka. Akili zake zote anazo. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza siku kwa waganga wa mapepo, na jina la ugonjwa haliwasaidii.

Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Daktari huutambua kwa macho na historia. Jino lililooza, baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinazokaza taya, homa ya uti wa mgongo na kichaa cha mbwa vinaweza kufanana nao, na kuvitenganisha ni kazi ya hospitali. Asilazimishwe kufungua mdomo, asilishwe wala asinyweshwe. Alazwe ubavu, gari liwe kimya, redio izimwe, na safari iwe moja kwa moja hadi hospitali kubwa yenye uangalizi maalumu: hospitali ya KCMC kwa walio upande wa Moshi, na kwa Arusha hospitali ya Mount Meru au ALMC, ile ya Kilutheri. Kusimama kwenye duka la dawa kwa "sindano ya kulegeza" ni kupoteza saa, kwa kuwa sumu iliyoshika mshipa wa fahamu haing'oki. Matibabu huzima ile inayozunguka bado na kumlinda mgonjwa wiki kadhaa mpaka mishipa ijirekebishe. Hata penye mashine za kupumulia, mtu mmoja au wawili kati ya kumi hufariki. Aliyepona naye huchanjwa, maana ugonjwa huu hauachi kinga.

Nyumba yenye mjamzito ina sanduku lake tofauti. Kinachotakiwa ni wembe mpya uliofungwa, kamba safi za kitovu, glavu, sabuni, na kadi ya kliniki yenye chanjo zilizojazwa. Kitovu kiachwe kikavu au kipakwe kile tu alichotoa mkunga: kisipakwe kinyesi cha ng'ombe, majivu, mafuta ya taa wala poda. Mtoto aliyenyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akaacha kunyonya na kukakamaa, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kwa hiyo tunawagawia hivi. Boksi la ukutani, kama lilivyo dukani, tunalipa 4 kati ya 10. Ukitoa pamba, GV na peroksaidi, ukaongeza sabuni, sirinji, gozi ishirini na glavu jozi tano, linapanda hadi 7. Mkoba mwekundu ni mzuri kwa wapagazi kwa sababu ya wepesi wake, 5, na unapaswa kubebwa ndani ya begi, usitundikwe juani. Kwa mlimani ongeza kibano kizuri, kwa ajili ya mwiba na kibanzi. Kopo la kujikusanyia, 8. Alama mbili tumezikata kwa sababu halina mpangilio wa kiwandani, na mtu wa kwanza kulifungua usiku atamwaga kila kitu chini. Gawa ndani yake kwa mifuko miwili ya plastiki, wa kuosha na wa kufunga, na uandike juu kwa kalamu ya wino mzito.

Anayeng'atwa na mbwa asiishie kwenye chochote kati ya hivi. Aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende siku hiyohiyo kituo chenye chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya pepopunda aiulizie hapohapo.